Mvua ya Miaka Sita

Stesheni, Mpanda
20 Februari 1994

Mwalimu Celestin,

Shikamoo. Natumaini ulifika Tabora salama na lile lori halikukuchosha sana. Reli imepona tangu Jumanne, kwa hiyo barua hii inakuja na treni. Baba anakusalimu.

Ni mimi Romana Nashon, wa Kidato cha Nne, niliyekaa dirishani. Naandika jina lote kwa sababu sina hakika kama unanikumbuka, darasani sikuwa nasema. Labda utanikumbuka kwa kopo la kupimia mvua pale shuleni. Zamu yangu ya kulisoma ilikuwa Jumatatu na Alhamisi, halafu wenzangu wakachoka na zamu zao zikawa zangu.

Nakuandikia kwa sababu ya boksi ulilomwachia baba. Mchwa walipanda ukuta wa stoo nikalihamisha, na chini likaachia. Nisamehe mwalimu, niliona vilivyomo. Nilinawa mikono kwanza ndipo nikakishika kile cheusi.

Ni chembamba, kidogo kuliko daftari kubwa. Vitufe ni arobaini, nimevihesabu mara mbili. Ni vya mpira wa kijivu, laini kama sikio la mbuzi, na kila kimoja kina herufi na maneno ya Kiingereza juu na chini yake. Kwenye pembe kuna mistari minne ya rangi, kama mtu amekata kipande cha upinde wa mvua akakibandika. Nilibonyeza kitufe kimoja. Hakikulia, lakini nilihisi kama kimenisikia.

Baba anasema ni mashine ya kupiga chapa iliyovunjika, maana karatasi haina pa kuingilia. Mzee Tamimu, mwenye banda la video, amecheka sana. Anasema Jumapili asubuhi kabla ya wateja ulikuwa unakwenda nacho kwake. "Mwalimu wenu alikuwa anaiandikia televisheni yangu," kaniambia, "na televisheni inamjibu. Mimi nilikuwa natoka nje, siyataki hayo."

Mwalimu, ni nini?

Matokeo bado. Niko nyumbani tu. Watu wakiniuliza siku hizi nafanya nini, naangalia chini.

Kuna jambo dogo la boksi lako nilitaka kukuambia. Nitakuambia barua nyingine.

Mwanafunzi wako,
Romana


Tabora
6 Machi 1994

Romana,

Marahaba. Mtu atakusahauje wewe? Wenzako waliandika "0" wakaenda kunywa uji. Wewe uliandika "0, lakini kuna umande." Karatasi ile niliwaonyesha walimu wenzangu.

Kitu ulichokishika ni kompyuta. Najua unazozijua ni zile za picha za magazeti, zinazojaza chumba na kupulizwa feni, zikisimamiwa na wanaume waliovaa makoti meupe. Mwaka 1982, wewe ukiwa hata shule hujaanza, kampuni ya Uingereza inayoitwa Sinclair ilianza kuuza hii kwa watu wa kawaida, waende nayo nyumbani kama wanavyokwenda na redio. Jina lake ni Spectrum. Walitaka iwe rahisi kununuliwa, kwa hiyo kila kitu ambacho nyumba tayari inacho, hawakukiweka. Kioo cha kusomea? Tumia televisheni yako. Mahali pa kuhifadhia kazi? Tumia redio kaseti yako. Vitufe? Wakamwaga mpira kipande kimoja. Watu wa kwao waliucheka ule mpira, wakauita nyama ya maiti. Kisha wakainunua kwa mamilioni.

Kumbukumbu yake ni ndogo mno. Hata Injili ya Marko haienei humo. Lakini watoto wa umri wako, na wadogo zaidi, walikaa nayo vyumbani mwao wakaijua kuliko baba zao. Magazeti yalichapa programu ndefu, yaani maagizo ya kuipa mashine, wao wakazinakili herufi kwa herufi, na wakikosea nukta moja mashine inakataa. Wengine walitunga michezo yao ikachezwa nchi ambazo hawajawahi kuziona. Huko Ulaya Mashariki ambako haikuuzwa, watu waliifungua, wakaichora ndani yake, wakajitengenezea za kwao. Na kulikuwa na stesheni za redio zilizorusha programu hewani! Mtangazaji anasema tayarisheni kaseti, yanafuata makelele dakika chache, na mtoto aliyerekodi yale makelele anayalisha kwenye mashine yake, yanageuka kazi. Mwaka juzi wameacha kuitengeneza. Yangu niliachiwa na mwalimu wa fizikia wa kujitolea aliporudi kwao mwaka 1987.

Sasa nikuambie kitu ambacho nilipaswa kukuambia zamani. Zile namba za kopo hazikuishia kwenye kabati. Kila Jumapili nilizipeleka kwa Mzee Tamimu nikaziingiza. Kila siku ya mvua na kila siku ya ukame, kuanzia Novemba 1987 mpaka Desemba 1993. Miaka sita. Miaka minne ya mwisho, Romana, kwa sehemu kubwa ni mkono wako.

Kaunta buku tulizoandikia namba hizo zililiwa na mchwa kwenye stoo ya shule mwaka jana, unakumbuka. Zimebaki namba zilizo kwenye kaseti iliyoandikwa 87–93 kwa wino mwekundu. Tarehe 16 Mei nimeitwa kwenye usaili wa kituo kimoja cha utafiti wa kilimo. Wanataka mtu wa kupima mvua ya ukanda wote huo wa kwenu, na wameniambia wazi: njoo na rekodi, maneno matupu tunayo ya kutosha. Nimefundisha miaka kumi na moja nikiitamani kazi hii.

Mwombe baba alikabidhi boksi kwa gadi wa treni. Kaseti ifunge peke yake kwenye kitambaa. Na usiipige kwenye redio, itakuumiza masikio.

Mwalimu wako,
Celestin


Stesheni, Mpanda
15 Machi 1994

Mwalimu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika.

Nilikuwa nikisoma rula kwenye kopo nadhani unatufundisha kuamka mapema. Sikujua zinakwenda mahali. Kumbe asubuhi ile niliyovua viatu kwa sababu ya matope, na ile ambayo chura alikuwa ndani ya kopo nikaogopa, zote zimo. Nimejaribu kufikiri jinsi namba inavyogeuka sauti. Jana nilikaa na redio ya baba mapajani, imezimwa, nikawa naiangalia tu. Mama akauliza kama naumwa.

Tafadhali nieleze. Namba inaliaje? Moja inalia tofauti na mbili?

Boksi limeondoka leo kwa mkono wa gadi, baba ameandika jina lako pande zote. Kaseti haikuwa mahali pake. Naitafuta, nitaileta kwa treni nyingine.

Romana


Stesheni, Mpanda
15 Machi 1994

Mjomba Yotham, Kigoma,

Shikamoo mjomba. Habari za kazi ya bandarini?

Mjomba, soma hii kwanza. Ile kaseti ya salamu za Bibi niliyokutumia mwezi uliopita, umeshaijibu? Kama hujaijibu, USIIJIBU. Usirekodi neno lolote juu yake, hata kikohozi. Najua ndivyo tunavyofanya siku zote, wewe unarekodi majibu juu ya salamu na kaseti inarudi. Safari hii usifanye.

Kaseti ile haikuwa yangu. Bibi alikuwa ameshuka kutoka Mwese na lori la mahindi, linaondoka tena alfajiri, na dukani kaseti tupu zilikwisha kwa sababu treni haikuwa inakuja. Bibi akaanza kusononeka kwamba mwanawe atadhani amesahauliwa. Nikakumbuka kaseti niliyoiona kwenye boksi la mwalimu. Niliipiga kwanza, mjomba, sikuwa mjinga kabisa. Ilikuwa inanguruma tu shaaa, kama mvua kubwa juu ya bati. Nikafikiri mwalimu wangu anapenda mvua kiasi hiki, amekaa chini ya bati lake akairekodi. Nikajiambia mvua ipo tele, atarekodi nyingine. Nikaziba kile kitundu cha mgongo wa kaseti kwa karatasi na ugali ili ikubali kurekodi.

Haikuwa mvua ya bati. Ni hesabu ya miaka sita, imeandikwa kwa sauti kwa ajili ya kompyuta. Kazi ya mwalimu inaitegemea.

Mwalimu bado sijamwambia. Nimemwandikia kwamba naitafuta. Ni uongo wangu wa kwanza kuuandika kwa wino.

Irudishe mjomba, hata kama imeharibika.

Mpwa wako,
Romana


Tabora
27 Machi 1994

Romana,

Boksi limefika, hata waya haukukatika. Nimeazima televisheni ya mwalimu mkuu. Niliwasha, kioo kikawa cheusi kama kinavyofanya siku zote, kikasafika cheupe, na chini likatokea jina lake na mwaka 1982. Mke wangu alikuwa anachambua mchele, akaacha. Miaka kumi na mbili, imesafiri kwenye behewa na magunia ya muhogo, na imeamka bila kulalamika.

Umeuliza vizuri kuhusu sauti. Mashine haijui mbili wala tisa. Inajua moja na sifuri tu, na kila namba inaivunja mpaka zibaki hizo. Moja ni mlio mrefu kidogo, sifuri ni mlio mfupi. Inailia kaseti milio hiyo haraka sana, zaidi ya elfu kwa sekunde, ndiyo maana sikio letu linasikia fujo. Yenyewe haisikii fujo. Inahesabu.

Lakini kaseti, Romana. Niliiweka juu ya boksi kwa mkono wangu. Nyumba yenu nimeingia, ni vyumba vitatu. Imekwenda wapi? Kama kuna mtu ameichukua niambie ni nani, nitaongea naye kwa upole. Usaili umebaki majuma saba.

Celestin


Kigoma
2 Aprili 1994

Mpwa wangu mpole,

Marahaba. Una bahati. Barua yako imenikuta nimeshanunua betri, nimeshapiga mswaki, kesho Pasaka nilikuwa naanza: "Mama, shikamoo, mimi mwanao Yotham..." Ingekuwa imekwisha.

Kaseti iko salama chini ya mto. Naisikiliza karibu kila siku nikitoka kazini. Mama anaanza na goti. Kisha jirani aliyemla kuku wake. Kisha ananiuliza kama wanawake wa Kigoma wamekwisha au wananikimbia. Anasalimia watu wote wa bandarini mmoja mmoja, na hamjui hata mmoja, mama yangu yule! Halafu mvua inaanza juu ya bati lenu, anapandisha sauti, mwishowe anasema, "Zima mjukuu wangu, mvua imenishinda." Treni inapiga filimbi ndefu, na baada ya hapo ni mvua tu. Naiacha ilie. Kama dakika tatu hivi, inakatika ghafla. Ni mvua ya nyumbani mpwa wangu, mtu aliyekaa ziwani miaka tisa anailalia kama godoro.

Sasa nisikilize. Kuituma siwezi. Posta ikiipoteza, mama ana umri gani? Na hiyo mashine siijui. Baba yako aliwahi kupeleka redio kwa fundi ikala mkanda wa kwaya nzima. Mwambie mwalimu wako namheshimu, lakini sauti ya mama yangu haitoki chumbani humu bila mimi.

Na mwambie ukweli, Romana. Usingoje treni nyingine.

Mjomba wako,
Yotham


Stesheni, Mpanda
10 Aprili 1994

Mwalimu Celestin,

Shikamoo. Baada ya kusoma barua hii huenda hutapenda kuniitikia tena, kwa hiyo naiandika shikamoo hii vizuri.

Hakuna mtu aliyeichukua kaseti. Ni mimi.

Tarehe 5 Februari, Jumamosi, niliirekodia salamu za bibi yangu kwenda kwa mjomba Yotham, Kigoma. Sikujua kompyuta ni nini wala kaseti ni nini. Niliipiga nikasikia mvua, nikafikiri umerekodi mvua. Bibi hajui kusoma, na sisi tunaandikiana kwa kaseti hivyo. Sikukuomba ruhusa kwa sababu hukuwepo, na hata ungekuwepo, naogopa kwamba nisingeweza kufungua mdomo. Halafu ukaniandikia kaseti ni nini, nikaona aibu, nikadanganya. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Mjomba hajarekodi juu yake. Lakini hataki kuituma, anasema ni sauti ya mama yake. Nanakili maneno yake ili usidhani naficha tena: "Mwishowe anasema, Zima mjukuu wangu, mvua imenishinda. Treni inapiga filimbi ndefu, na baada ya hapo ni mvua tu. Naiacha ilie. Kama dakika tatu hivi, inakatika ghafla."

Nimefuta asubuhi zote. Zako na zangu. Nilisimama jana mbele ya kopo nikajaribu kuzikumbuka, hata moja nzima sikuikumbuka, ila ya chura. Ilikuwa 21.

Kama kuna kazi ninayoweza kufanya kulipia hili, niambie.

Romana Nashon


Tabora
16 Aprili 1994

Romana,

Marahaba.

Jambo moja tu, nijibu kwa treni ya kwanza. Mvua ilipoanza siku ile na bibi akasema uzime, ulizima papo hapo, au uliiacha redio iendelee kurekodi? Fikiri vizuri. Usiandike kinachonifurahisha, andika kilichotokea, kama ulivyokuwa unasoma rula.

Celestin


Stesheni, Mpanda
20 Aprili 1994

Mwalimu,

Shikamoo. Nilizima papo hapo. Bibi alisema "zima" na kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe, kwa sababu betri tulikuwa tunazionea huruma. Baba naye amethibitisha, alikuwa mlangoni anakinga maji. Baada ya hapo nilitoa kaseti nikaifunga kwenye gazeti. Mvua ilinyesha mpaka jioni lakini hatukuirekodi.

Na treni haikuwepo. Reli ilikuwa bado imekatika, haikuwapo filimbi yoyote Mpanda siku ile.

Mwalimu, nimeandika mistari hiyo ya juu, nimeweka kalamu chini, nimetoka nje, nimerudi.

Ile mvua ya mjomba inatoka wapi?

R.


Kigoma
29 Aprili 1994

Romana,

Niko Kigoma. Barua yako ilinikuta asubuhi, mchana nikaomba ruhusa shuleni, jioni nikapanda treni na mashine mapajani. Kama sauti ya mama haitoki chumbani, basi mashine itaingia chumbani.

Mjomba wako ni mtu. Aliniangalia mimi, akaangalia boksi, akasema, "Mwalimu, nakuheshimu, lakini kitufe cha redio nakishika mimi." Nikasema sawa. Akauliza, "Itaila?" Nikamwambia haina meno, inasikiliza tu. Akasema, "Hata mimi nilikuwa nasikiliza tu." Jirani yake mwenye banda la video akatuazima televisheni, kwa sharti kwamba naye akae. Mwisho tulikuwa watu tisa chumba kimoja, wawili wameketi dirishani.

Nikaamuru mashine ipokee. Nikachomeka waya. Spika ya redio ikanyamaza, maana sauti yote sasa inapita kwenye waya, na mjomba wako akashtuka, "Mama amekwenda wapi?"

Basi ndipo tukaona. Mashine hii ikiwa inangoja programu, ukingo wa kioo hubadilika rangi kwa sauti yoyote inayoingia. Nimelijua hilo miaka saba, lakini nilikuwa naingiza milio yake tu, sijawahi kuingiza mtu. Bibi yako akaanza kusema. Hatukumsikia hata neno. Tukamwona. Mistari myekundu na ya samawati ikaruka kuzunguka kioo, ikikaza anapokaza, ikisita anaposita. Akivuta pumzi, kioo kinatulia. Mjomba wako anaijua kaseti ile kwa moyo, akawa anatusomea kioo kwa kidole: "Hapa ni goti... hapa ni kuku... hapa, hapa ananiuliza habari za mke!" Watu wakacheka, na mistari nayo ikatetemeka, kwa sababu naye alicheka pale. Hakuna aliyeondoka. Mtu mmoja alivua kofia.

Nimesoma kuhusu mashine hii kila nilichoweza kupata. Waliotaka iwe rahisi, wakaacha kioo, wakaacha kaseti, wakamwaga mpira, nadhani hawakujua wametengeneza kitu cha kumwona bibi wa Mwese akiongea.

Dakika ya tisa na kitu, kioo kikatulia. Nikajua hapo ndipo mvua ilipomshinda, na hapo ndipo kidole chako kiliposhuka.

Sasa nikuambie desturi ya watu wenye mashine hizi. Mkanda ni kitu dhaifu, kwa hiyo hatuhifadhi kazi mara moja. Tunahifadhi, tunausogeza mkanda mbele, tunahifadhi tena. Nakala yangu ya kwanza ilikuwa mwanzoni kabisa. Bibi ameipitia yote, haipo. Ya pili niliiweka kuanzia dakika ya kumi. Ungechelewa kuzima kwa muda wa mtu kufunga mlango, ungekata kichwa chake, yaani milio yake ya kwanza, na mashine haipokei kitu kisicho na kichwa.

Tukangoja. Mjomba wako hakuondoa kidole kwenye kitufe cha redio. Kisha filimbi ile ndefu, ambayo yeye aliidhania treni, ikaingia, na ukingo ukajaa mistari minene iliyonyooka, imetulia kabisa, kama askari. Kioo kikaandika jina nililoipa kazi ile: mvua. Halafu mistari ikawa myembamba, ya buluu na njano, ikimiminika. Mjomba wako akasema kwa sauti ndogo, "Hii ndiyo niliyokuwa nailalia?" Nikamwambia ndiyo. Umelala juu ya miaka sita.

Imepokelewa nzima. Nimeitafuta ya chura. 4 Machi 1991, siku ya Jumatatu. 21.

Nimeinakili kwenye kaseti mpya mbili na kwa mkono kwenye daftari, na ile ya bibi nimemrudishia mjomba wako mkononi. Ameifunga kwenye leso.

Uongo wako nimeusamehe uliposema kwamba ndio unaouma zaidi. Usiuweke tena moyoni.

Limebaki swali moja ambalo nina hakika wataniuliza tarehe 16: na mwaka huu je? Nitawajibu ukweli. Nilipoondoka Januari, kopo lilibaki bila mtu.

Mwalimu wako,
Celestin


Stesheni, Mpanda
7 Mei 1994

Mwalimu,

Shikamoo.

Bibi ameshuka tena na lori, amekuja kuonyesha goti hospitali. Nimemsomea barua yako yote, nimekaa chini karibu na miguu yake. Nilipofika kwenye mistari akanisimamisha.

"Sauti yangu ina rangi?"

"Ndiyo, Bibi. Nyekundu na samawati."

"Na watu wakaniona?"

"Watu tisa, Bibi."

Akajitengeneza kitenge. Kisha akasema, "Ungeniambia, ningesuka nywele." Lakini jioni nilimwona amekaa peke yake uani, anasema maneno madogo madogo mbele ya kiganja chake, anakiangalia.

Mimi pia sijui nikuambie nini, mwalimu. Tangu barua yako nimekuwa nikisikia vitu tofauti. Asubuhi injini ya treni ikinguruma najiuliza ingekuwa na mistari ya aina gani. Najiuliza na mimi, ambaye sisemi, kioo kingekuwa na nini. Labda kingetulia tu. Lakini umesema kikitulia maana yake mtu anavuta pumzi.

Kuna jambo moja nimekuficha tena, ni la mwisho. Kopo halikubaki bila mtu. Ulipoondoka, kopo la shule walilifanya la kuchotea maji, kwa hiyo nilitafuta la Blue Band, lile kubwa lenye kingo zilizonyooka, nikalifunga kwenye nguzo ya uzio wetu, mbali na bati. Rula ni ile ile, niliondoka nayo shuleni, naomba radhi. Kila siku saa mbili asubuhi. Sikukuambia kwa sababu hukuniagiza, na niliona kama najipa kazi ya mtu mwingine. Watu wakiniuliza siku hizi nafanya nini naangalia chini, na ni kweli, naangalia kopo.

Nimenakili siku zote, kuanzia 17 Januari mpaka leo, kwenye karatasi hii ya pili. Nimeandika mara mbili. Nakala nyingine ninayo mimi. Gadi ameahidi kuiweka mkononi mwako kabla ya tarehe 16.

Tazama mstari wa 6 Februari. Ndiyo mvua ya siku iliyotangulia, ile iliyomshinda Bibi, tukazima redio na hatukuirekodi. Nilifikiri haiko popote.

Milimita 38. Iingize na hiyo.

Romana